Dari ya Chumba cha Aliya

Kabla hata ya kuchemsha chai, Masouda alipanda juu ya dari kuiangalia saruji.

Haikuwa saruji ya mfuko. Hii ilikuwa saruji ya Omani, ya udongo unaochomwa tanuuni, kisha ukapondwa mpaka ukawa unga mwekundu. Watu wa Maskati walikuwa wakipaka dari zao kwa saruji hiyo tangu zamani. Jana jioni, fundi alipoondoka, Masouda aliuchora mrundo wote kwa vidole vyake. Alipiga mistari huku na huku. Mtu akichota hata kikombe kimoja, mistari itavunjika, naye atajua.

Asubuhi hii mistari ilikuwa vile vile. Mtu mwingine angefurahi. Masouda alizidi kukunja uso.

"Mwizi mjanja huyu," alisema peke yake. "Anaiba, kisha anachora upya."

Akashuka kutia birika motoni.

Msomaji, usimcheke. Masouda alikuwa na sababu ya kutomwamini mtu. Familia yake iliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi. Waliacha huko nyumba waliyozaliwa wao na waliyozalia watoto wao. Walipofika Maskati walipanga vyumba vya watu kwa miaka. Mwaka huu wa 1970 ndipo mumewe Marhoon, karani wa tajiri mmoja wa Matrah, alipoweza kununua nyumba. Ilikuwa nyumba kongwe ya mawe na udongo, karibu na lango la mji. Kuta zilikuwa imara na kisima kilikuwa na maji. Lakini dari ya chumba cha ndani ilivuja.

Chumba hicho ndicho alichokitaka Masouda kuliko vyote. Binti yake Aliya alikuwa na mimba ya kwanza, na mume wa Aliya, Harub, alikuwa kazini Bahrain. Kwa desturi yao, mimba ya kwanza mwanamke huja kujifungua kwa mama yake. Hukaa hapo arubaini yake, akakandwa, akalishwa, na mtoto wake akalelewa.

"Nyumba ambayo hajazaliwa mtu ndani yake bado si nyumba," Masouda alimwambia mumewe. "Ni kuta tu tulimojibanza."

"Atazaliwa, Mama Aliya," alijibu Marhoon. "Fundi tunaye."

Naam, fundi walikuwa naye. Tabu yenyewe ilianzia hapo.

Marhoon alimpata fundi huyo sokoni Matrah. Alikuwa akiulizia mjenzi kwa Kiarabu chake cha Unguja, na wenye maduka wakimcheka matamshi. Mara akasikia sauti nyuma yake, kwa Kiswahili safi.

"Mzee, nyumba yako inataka nini?"

Mtu huyo aliitwa Suud. Aliwahi kukaa Pemba, huko Wete, akijenga. Marhoon nusura amkumbatie. Wakakaa wakanywa kahawa. Walizungumza habari za karafuu, za mvua za Pemba, na za watu wanaowajua. Kahawa ilipokwisha, Suud alikuwa ameshapewa kazi. Marhoon hakumuuliza amejenga nyumba ya nani hapa Maskati. Hakumuuliza kazi itakwisha lini.

"Malipo tutakwenda siku kwa siku," alisema Suud.

"Sawa," alisema Marhoon. "Sisi ni ndugu."

Masouda naye siku ile alifurahi kama mumewe, na zaidi. Alipika biriani. Siku ya pili akapika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Siku ya tatu akatia na mkate wa kumimina.

"Mtu wa kwetu hatuwezi kumpa tende na kahawa tu," alisema, "kama mpita njia."

Basi Suud akala. Akala na kesho yake, na kesho kutwa. Kazi, hata hivyo, haikwenda. Alikuja jua likikaribia kichwani. Alikoroga saruji kidogo, akapaka kidogo, akala, akajinyoosha kivulini. Alasiri akaondoka. Siku nyingine hakuja kabisa. Alipoulizwa lini, alisema, "Bukra, inshallah," yaani kesho. Bukra ikifika, ilikuwa na bukra yake.

Furaha ya Masouda ikageuka shaka. Kwanza alishuku saruji. Akashuku ndoo. Akashuku hata sukari ya jikoni, ingawa Suud hakuingia jikoni. Siku moja alimkuta Suud anazungumza kwa sauti ya chini na mwenye punda wa kuleta mizigo. Walipomwona wakanyamaza. Masouda akasema moyoni, hawa wanapanga.

Jioni hiyo alisimama mlangoni Suud alipokuwa akitoka.

"Kapu lako zito leo, fundi."

"Mna mwiko, bibi, na nguo za kazi."

"Nguo tu?"

"Nguo tu. Nifungue uone?"

Masouda aliona haya. Alitamani sana lifunguliwe, lakini ulimi ulimwambia kitu kingine.

"La, la. Nakuuliza tu. Nenda salama."

Usiku huo hakulala vizuri kwa hasira. Alijikasirikia yeye mwenyewe kuliko Suud.

Hatimaye Suud akasema kazi imekwisha. Juu, dari ilikuwa laini. Ndani, alikuwa ameipiga chokaa mpaka ikang'aa. Aliya aliingia akazunguka chumba, mkono tumboni.

"Mama, kizuri!"

"Kizuri sana," alisema Masouda. "Ndiyo maana nnaogopa."

Siku chache baadaye, mkwe wa Aliya, Bi Shaikha, mama yake Harub, alikuja kutoka Matrah kumtazama. Masouda alimkalisha kwenye chumba kile kipya ili aone. Nje kulikuwa na wingu. Manyunyu yakaanza, mvua ya kuloweka vumbi tu. Wanawake wakaendelea kunywa chai.

Tone likaanguka begani kwa Bi Shaikha. Akatazama juu. Tone la pili likaangukia ndani ya kikombe chake. Ile chokaa nyeupe ilikuwa na doa la rangi ya chai, nalo lilikuwa linatanuka.

Aliya alikimbilia beseni. Bi Shaikha aliweka kikombe chini taratibu. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele.

"Mwenzangu," alisema, "mimi sina neno. Lakini mjukuu wangu hawezi kuzaliwa kwenye maji. Aliya akiingia mwezi wake na dari iko hivi, nitamchukua kwangu Matrah."

"Nisamehe, Bi Shaikha. Tutarekebisha."

"Inshallah," alisema Bi Shaikha. Masouda aliijua inshallah hiyo. Ilikuwa inshallah ya mtu asiyeamini.

Mgeni alipoondoka, Masouda alimsubiri mumewe.

"Nimekwambia huyu mwizi!" alisema kabla Marhoon hajavua viatu. "Anaiba saruji, anatupakia tope!"

"Mtu wa kwetu hawezi kutuibia."

"Mtu wa kwetu ndiye ajuaye pa kuiba!"

Marhoon alikaa chini akashika kichwa. "Tukimgombeza, watu watasema nini? Watasema hawa Wazanzibari wamekuja juzi, leo wanagombana na mafundi. Ngoja. Nitasema naye polepole."

"Polepole! Mwanao atazaa Matrah polepole?"

Marhoon akainama kuvua viatu. Masouda naye alikwenda chumbani akalia. Alikwisha kupoteza nyumba moja. Hakutaka mjukuu wake wa kwanza apotee pia, akazaliwe nyumba ya watu kwa sababu ya dari.

Asubuhi alipanda tena juu. Mistari ya vidole kwenye mrundo ilikuwa salama. Upande wa pili wa ukuta mfupi, jirani yake Bi Kheiria alikuwa anageuza papa aliyeanikwa juani. Bi Kheiria alikuwa mjane. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati kuolewa zamani sana. Marehemu mumewe alimwachia nyumba kadhaa za kupangisha, na kwa miaka yote hiyo alizitengeneza mwenyewe, yaani aliwasimamia mafundi.

"Vipi kazi, mwanangu?"

"Nzuri, Bi Kheiria. Alhamdulillahi."

"Jana nimesikia beseni."

Masouda aligeukia mrundo wake, akajifanya anaukagua.

"Mficha uchi hazai," alisema Bi Kheiria. "Nieleze."

Masouda alimtazama kwa pembe ya jicho. Kwa nini bibi huyu anataka kujua? Bila shaka ana mpwa wake fundi, anataka kumtia kazini.

"Una jamaa yako fundi, Bi Kheiria?"

Bi Kheiria akacheka mpaka papa akamponyoka. "Sina fundi, mwanangu. Nna dari, nazo zimeshaniliza kama hii yako ilivyokuliza wewe. Ngoja nije."

Alivuka ukuta mfupi. Aliomba kata ya maji, akamimina juu ya dari. Maji hayakwenda kwenye mlizamu, ule mdomo wa kutolea maji ya mvua. Yalisimama pale pale. Kisha yakaanza kupungua, na wala jua halikuwa kali. Bi Kheiria akaonyesha kwa kidole. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nao ulikuwa unayanywa maji.

Akaokota kijiwe, akagonga. Sauti ikatoka tupu. Akaenda ukingoni, mahali saruji ilipomegeka, akaweka ncha ya kidole.

"Angalia unene wake. Hii si dari, huu ni mkate mwembamba wa chila. Saruji ya dari inatakiwa ifike kiungo cha pili cha kidole."

"Kwa sababu kaiba!" alisema Masouda. "Si nimesema!"

"Kaiba nini? Mrundo si huo hapo?"

"Upo. Nimeuchora kila siku. Haujapungua."

Bi Kheiria alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, dari nzima imepakwa, na mrundo karibu uko vile vile. Hukujiuliza saruji ya dari imetoka wapi? Wewe ulikaa ukiuchunga usipungue. Ulitakiwa ushangae kwa nini haupungui."

Masouda aliuangalia mrundo. Mistari yake ilikuwa mizuri, imenyooka. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Siku zote hizo alikuwa juu ya dari hii, na dari yenyewe hakuitazama hata mara moja.

"Mnamlipaje?" aliuliza Bi Kheiria.

"Kwa siku."

"Na chakula?"

"Biriani. Na wali wa nazi. Mtu wa kwetu, Bi Kheiria."

Bi Kheiria aliketi juu ya gunia, akashika mbavu zake. "Malipo ya siku, na biriani juu yake! Hata mimi nisingeimaliza kazi hiyo. Ningezeekea hapa."

Masouda naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. "Basi leo namfukuza."

"Ukimfukuza leo, mwingine utampata lini? Tangu watu waanze kurudi kutoka ng'ambo mwaka huu, kila nyumba inataka fundi. Tena hujui kosa lake. Mwizi ni mwizi, na asiyejua kazi ni asiyejua. Dawa zao si moja. Mwite umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Ulichotakiwa kuuliza mwanzo. Amefanya dari ya nani, ili uende ukaione na umsikie mwenye nyumba. Kazi itakuwaje, na itakwisha lini. Na malipo yawe kwa kazi iliyokwisha, isiwe kwa siku iliyopita. Sehemu ya mwisho ikae kwako mpaka dari ijaribiwe kwa maji. Yasemwe yote mbele ya mashahidi, kwa sauti. Sisi wa Unguja tukisikia mtu anasema Kiswahili tunafungua mlango na kufumba macho. Lugha yake ni nzuri, lakini haizibi ufa."

Maneno hayo yalimwingia Masouda. Hata hivyo alishuka ngazi akijiuliza, je, bibi huyu kweli hana mpwa?

Masouda alimweleza mumewe yote, na siku ya pili baada ya alasiri Marhoon alimwita Suud. Alimwita na Bi Kheiria, na Mzee Mahfoudh wa mtaani, mtu anayeheshimiwa na wote. Masouda alileta kahawa na tende. Suud aligeuka mara moja akatazama upande wa jikoni. Halikutoka sinia.

Marhoon alianza kwa kuzunguka. Aliuliza afya, akauliza jamaa, akarudi kwenye afya. Masouda aliona hapa kutakuchwa. Neno mwizi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Bi Kheiria akamkazia jicho. Masouda akalimeza.

"Fundi Suud," alisema, "dari inavuja. Imemvujia mkwe wa binti yangu begani. Nnataka kukuuliza jambo moja. Dari ya saruji hii uliifanya nyumba ya nani kabla ya yetu?"

"Nimejenga nyumba nyingi, bibi. Kuta zangu..."

"Sikukuuliza kuta. Nimekuuliza dari."

Suud aliinamisha kichwa. Alizungusha kikombe mkononi.

"Sijapata kufanya," alisema.

Marhoon akaweka kikombe chake chini.

"Pemba nilikuwa mjenzi wa kuta," aliendelea. "Dari hii ya huku naiona tu wenzangu wakiipaka. Mzee aliponikuta sokoni alifurahi sana, nikaona haya kumwambia sijui. Nikasema nitajifunza humo humo."

"Na siku usizokuja?" aliuliza Marhoon. Sasa sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nna nyumba nyingine mbili, moja ya yule mwenye punda. Watu wamenishika. Asubuhi nakuwa huko, mchana nakuja hapa."

"Kwa nini mchana ndiyo hapa?" aliuliza Masouda.

Suud hakuinua macho. "Kule hawapiki."

Mzee Mahfoudh alikohoa kuzuia kicheko. Masouda hakucheka. Alikuwa na hasira, na huzuni pia. Mtu huyu hakumwibia hata konzi ya unga. Alimwibia siku, na Aliya hakuwa na siku za kupoteza.

"Ungesema tu," alimwambia. "Tungekupa kuta, tukamtafuta mwingine wa dari. Kuona haya kwako nusura kunihamishie mjukuu."

"Nisamehe, Mama Aliya. Nitairudia kazi. Kuna mtu Matrah, Thabit. Kazi yake ni dari tu. Nitamleta, na ujira wake utatoka kwenye fungu langu."

Masouda alitaka kusema ndiyo, kisha akajizuia. Alishakoma.

"Kwanza Baba Aliya ataiona dari ya huyo Thabit," alisema. "Na atamuuliza mwenyewe kama ilivuja."

Marhoon alikwenda Matrah. Alipanda juu ya dari ya muuza nguo mmoja, akamuuliza maswali mpaka yule mtu akachoka. Aliporudi aliridhika. Ndipo wakakaa tena, naye Thabit yupo. Mzee Mahfoudh alitamka masharti moja moja, na kila mmoja akasema, "Nimekubali." Tabaka bovu libanduliwe. Magogo yanayobeba dari, yale yaliyooza, yatolewe. Malipo yatoke kila hatua ikikwisha na kuonekana. Fungu la mwisho lingoje maji. Kazi iishe kabla Aliya hajaingia mwezi wake. Fundi akikosa kuja bila kutoa habari, mwenye nyumba ana ruhusa kutafuta mwingine. Kahawa itakuwepo, chakula kila mtu atakula kwake.

Kazi ilianza upya. Usidhani shaka ya Masouda ilikwisha. Alimshuku Thabit kwa sababu hakusema sana. Alimshuku Suud kwa sababu sasa aliwahi mno. Kila asubuhi alikuwa juu. Lakini sasa alijua pa kutazama. Alitazama magogo, akayagonga. Alitia kidole ukingoni kupima unene. Alimwaga kata ya maji kuona kama yanaelekea kwenye mlizamu. Asichokielewa alikiuliza.

Thabit alipomaliza kupaka na kusugua kwa jiwe laini, alitandaza magunia yaliyoloweshwa juu ya dari yote. Kisha hakufanya kitu. Kesho yake alikuja, akayalowesha magunia, akaondoka. Na kesho kutwa vile vile.

Shaka ya zamani ikamrudia Masouda. Huyu naye! Alimkimbilia ngazini.

"Fundi Thabit, kazi yako ni kumwagia magunia maji tu?"

"Ndiyo kazi ya siku hizi," alijibu Thabit kwa Kiarabu, polepole ili amwelewe. "Saruji ikikauka haraka inapasuka. Lazima inywe maji kwanza. Ukiniona siji kulowesha, hapo ndipo unigombeze."

Masouda alimuuliza Bi Kheiria, naye akasema ni kweli. Basi ikawa jua likipanda, Masouda mwenyewe anapanda na ndoo kuyalowesha magunia kwa mara nyingine. Hakuwa na shaka, alisema. Alikuwa anasaidia tu.

Siku ya kujaribu ilifika. Waliziba mlizamu kwa matambara. Suud akateka maji kisimani, wakamimina mpaka dari ikawa na maji kila mahali. Masouda aliingia chumbani, akakaa katikati, akatazama juu. Shingo ilimuuma. Aliya alimletea mto, akakaa naye.

Kabla ya adhuhuri, pembeni karibu na ukuta, pakaonekana alama ndogo ya unyevu.

"Hiyo ya zamani," alisema Suud upesi. "Nipige chokaa, itaondoka."

"Chokaa hapana," alisema Masouda. Alisimama juu ya kiti, akaweka kiganja. Palikuwa baridi na maji. "Chokaa ilinidanganya mara moja. Kwanza tujue panapopita."

Thabit alipanda juu. Akakuta pale dari inapokutana na ukuta mfupi kuna nafasi ndogo isiyozibwa vizuri. Alikwangua, akajaza, akapazungusha vizuri maji yasikae. Wakalowesha tena magunia, wakangoja, wakajaribu upya. Masouda alikaa chini ya pembe ile mpaka alasiri. Hakuona kitu. Alipapasa ukuta, akapapasa tena. Ulikuwa mkavu.

Ndipo Marhoon alipotoa fungu la mwisho, mbele ya Mzee Mahfoudh. Suud alilipokea kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Aliya, sasa nimeijua kazi hii."

"Nimekuona," alisema Masouda. "Basi mwenye nyumba atakayefuata mwambie kweli."

Aliya alipoingia mwezi wake, Bi Shaikha alikuja na sanduku lake. Alikuja tayari kumchukua Aliya, ikiwa dari ingali inavuja. Siku hiyo wingu lilikuwa limejaa milima yote, jeusi. Hata kabla chai haijamiminwa, Aliya alishika kiuno akaita mama yake.

Mkunga akaitwa. Mvua nayo ikaja. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa ile mvua ya Maskati inayokuja mara chache na kuteremsha mawe milimani. Bonde nje ya mji likaanza kuunguruma. Chumbani taa iliwashwa mchana. Masouda alimshika binti yake mabega, akamfuta jasho, akamsomea dua. Hakutazama juu. Hakuthubutu.

Bi Shaikha ndiye aliyetazama. Alikaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, macho kwenye dari. Alitazama katikati, akatazama pembe zote, akarudi katikati. Mvua ikazidi.

Mtoto alilia kabla mvua haijapungua. Alikuwa wa kike, na mapafu yake yalikuwa mazima. Mkunga alimfuta, akampa bibi yake. Masouda alimpokea, akamweka kifuani.

"Kavu," alisema Bi Shaikha.

Masouda akamgeukia.

"Dari yako. Haikutoa hata tone." Bi Shaikha alilisogeza sanduku lake ukutani, mbali na mlango. "Nitakaa nikusaidie siku hizi za mwanzo, ukinipa nafasi. Na huyo fundi aliyeipaka nitamtaka, dari ya jiko langu inavuja."

"Jina nitakupa," alisema Masouda. "Lakini usilichukue jina peke yake. Mvua ikikatika, panda ukaione kazi."

Marhoon aliingia, nguo zimemlowa kwa kukimbia kutoka kazini. Alimchukua mtoto akamwadhinia sikioni. Nje, maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu kwenye mlizamu, yakaangukia uani na kwenda zake. Masouda aliketi karibu na Aliya, akalia waziwazi. Aliililia nyumba ya Unguja, jambo ambalo hakujipa nafasi ya kulifanya miaka yote. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Unalia nini, Mama?" aliuliza Aliya.

"Sisi sote tumekuja," alisema Masouda. "Huyu kazaliwa hapa."